Shajara ya matofali ya Senge, Ilesi

6 Januari

Leo tumechimba shimo la kwanza nyuma ya jiko la Senge. Nusu mita ya juu tumeibeba kwa wilibaro hadi kwenye bustani ya mboga, maana ule udongo mweusi umejaa mizizi na samadi, na kitu kinachooza hakina nafasi ndani ya tofali. Chini yake ndipo tulipoukuta wenyewe, mwekundu, mzito, unaong'ang'ania jembe.

Nieleze kazi. Senge ni dada ya baba yangu. Amefinyanga vyungu hapa Ilesi tangu kabla sijazaliwa, na nyumba anayolala imeanza kuinama upande wa barabara. Tunamjengea vyumba viwili na baraza kwa matofali ya udongo na saruji ya kufungamana, haya ambayo mafundi huku wanayaita intaloki. Tofali moja lina urefu wa sentimita 26.5, upana 14 na kimo 10. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula kama 38. Kuta zetu, tukitoa milango na madirisha, ni mita 60 hivi, kwa hiyo 2,280. Nimeandika 2,400 ili yatakayovunjika yasitukwamishe.

Majirani wameuliza mbona tusichome kama watu wote. Tanuri la kuchoma linameza kuni kwa siku kadhaa mfululizo, na sisi tunaishi jirani na Msitu wa Kakamega. Mikaratusi ya Senge ni minne tu, na anaitaka kwa ajili ya paa.

Jioni nimejaza kisanduku cha kupimia udongo: cha mbao, urefu wa ndani sentimita 60, upana 4, kina 4. Nimekipaka oili, nikashindilia udongo uliolowa vizuri, nikausawazisha kwa mwiko na kukiacha juani. Ukikauka utajikunja, na kiasi cha kujikunja ndicho kinachosema saruji ngapi.

10 Januari

Milimita 38. Nilijua ungekuwa mfinyanzi mwingi, lakini si kiasi hiki. Kwa kipimo hicho inatakiwa sehemu moja ya saruji kwa sehemu 14 za udongo, na hata hapo ningeogopa nyufa.

Nikiwa nimechuchumaa na rula yangu, Senge akaja, akachukua kidonge cha udongo kutoka shimoni, akakitia kati ya meno ya mbele na kukisaga taratibu. Akatema.

"Huu una mafuta, mwanangu. Husikii hata chembe moja. Ningeufinyangia chungu cha maji."

"Si ndio mzuri basi, Senge?"

"Kwa chungu. Chungu kinataka mafuta. Wewe unataka unaokwaruza meno."

Nimejaribu na mimi. Ni kweli, unateleza ulimini kama uji uliolala. Kisha akaniambia nitie mchanga wa mtoni, nisage tena, niendelee mpaka nisikie kukwaruza bila kusikia changarawe. Tumefika kwenye ndoo tatu za udongo kwa ndoo moja ya mchanga. Kisanduku kimejazwa upya.

15 Januari

Milimita 21. Sasa tunaruhusiwa moja kwa 16. Senge hakuuliza rula ilisema nini. Aliangalia tu kidonge kilichokauka, akakipiga ukucha na kusikiliza.

Mashine ya kukodi imefika kwa pikapu. Ni ya mkono, yenye kalibu mbili, matofali mawili kwa mvuto mmoja. Mwenyewe aliniahidi 600 kwa siku. Kwa hesabu hiyo tungemaliza kwa siku nne.

18 Januari

Siku mbili, matofali 140, na niliyoyakubali ni 52. Nimeudhika, lakini nataka kuandika sababu ziwe wazi, kwa sababu nimewasikia watu wengi wakisifu mashine za mawili-mawili.

Kalibu zote mbili zinasukumwa kutoka chini na bamba moja. Vijana wanajaza ya kushoto, wanajaza ya kulia, wanafunga kifuniko, wanavuta. Ikiwa kushoto kumeingia udongo zaidi, hata kiganja kimoja tu, huko ndiko kunakogangamala kwanza. Nguvu yote ya wenzo inakwenda upande huo, na tofali la kulia linatoka likiwa na sura nzuri lakini ukilibonyeza kwa kidole gumba linaacha alama. Wenzo haukwambii, maana mkononi unasikia ugumu mmoja tu, wa yule aliyeshiba.

La pili ni kwamba mahali bamba linapotelezea pamelika. Bamba linainama, na tofali linatoka kama kabari: kimo milimita 103 mwisho mmoja, 99 mwisho wa pili. Kwenye ukuta wa chokaa fundi angeficha tofauti hiyo ndani ya kiungo. Haya yanapangwa makavu, hivyo hakuna pa kuificha.

Yale 88 tumeyaponda kabla hayajashika. Saruji ya karibu mfuko mzima imekwenda hivyo.

19 Januari

Jumapili. Baada ya kanisa nimekaa na kufikiria.

Nilifanya kazi miaka mitatu Nakuru kwenye mashine ya injini ya dizeli na haidroli. Yule mnyama anakandamiza vizuri, sitasema uongo. Lakini alikuwa akikandamiza mpaka shinikizo lifike kiwango kilichowekwa, kisha anasimama. Ukitia udongo mwingi kidogo, tofali linakuwa refu kidogo. Ukipunguza, linakuwa fupi. Ugumu wake haubadiliki, kimo ndicho kinachocheza. Kila asubuhi tulikuwa na kijana mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa kupanga matofali kwa marundo ya kimo: haya marefu, haya ya kati, haya mafupi. Na bomba la haidroli likipasuka, watu wanane wanakaa chini ya mti mpaka lingine lije.

Mashine ya mkono ya wenzo ni kinyume chake. Asili yake ni ile iliyobuniwa na Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950, ikaitwa CINVA-Ram. Wenzo ukifika mwisho umefika mwisho. Bamba linapanda hadi palepale kila mara, kwa hiyo kimo kinatoka kilekile hata ukijaza vibaya. Kinachobadilika ni ugumu: udongo mchache unatoa tofali lenye kimo sawa lakini jepesi, lenye matundu ndani, na kwa macho huwezi kulitambua.

Hilo ndilo nimeamua. Kwa ukuta unaopangwa mkavu nataka mashine inayonilindia kimo, na uzito nitaulinda mimi mwenyewe. Kalibu moja, tofali moja, mkono mmoja unaosikia kila tofali. Kesho ile ya mawili inarudi kwa mwenyewe.

21 Januari

Mashine mpya imekuja, ingawa si mpya. Nimeinunua kwa kikundi cha akina mama upande wa Khayega waliomaliza kujenga ghala lao. Rangi imekwisha, lakini nimetia kalibu rula pembe kwa pembe, mara mbili, na vipimo vimelingana. Kifuniko ni bamba nene, halilii ukiligonga. Kuta za kalibu zimeng'aa kwa kusuguliwa, hakuna mfereji hata mmoja. Nikinunua mashine huwa naanza hapo, kabla ya rangi na kabla ya bei: kuta za kalibu, kisha kifuniko, kisha pini ya wenzo. Magurudumu na vipini vya kupendeza havinihusu.

Tumeifunga kwa bolti juu ya mbao mbili ndefu, na mawe juu ya mbao, ili isitembee ikivutwa.

23 Januari

Siku nzima imeishia kwenye kipimo. Sijutii.

Tulianza kwa gorogoro, kwa sababu kila nyumba inayo na kila kijana anajua kuitumia: gorogoro tatu zisizojaa sana. Nimetundika mizani ya kuning'iniza kwenye mwembe na kupima mara kumi bila kuwaambia. Nyepesi kabisa kilo 7.1, nzito kabisa 8.2. Tofauti ya kilo nzima na zaidi, kwa mtu yuleyule, ndani ya saa moja! Mama yeyote aliyenunua mahindi sokoni anajua kwa nini. Gorogoro ikigongwa kidogo inameza zaidi, ikimiminwa polepole inameza kidogo, na hilo "zisizojaa sana" kila mtu analo lake.

Seremala amenitengenezea sanduku la mbao lenye mdomo mpana, linalobeba lita sita na ushee. Sheria zake ni tatu, nimeziandika kwa chaki kwenye bati la jiko: udongo upitie chekeche kwanza, sanduku lisigongwe, na juu likatwe kwa kijiti mara moja tu. Mara kumi nyingine kwenye mizani: kati ya 7.5 na 7.7. Hapo nikaruhusu kazi ianze.

Nimekata pia bamba la chuma lenye mianya miwili, mmoja wa milimita 101 na mwingine wa 99. Tofali lazima lipite kwenye mwanya mpana na likatae ule mwembamba. Mtoto wa jirani wa darasa la sita ndiye mkaguzi, baada ya shule, na hamwonei mtu huruma.

Matofali 74 leo. Yote yamepita.

27 Januari

Siku tatu nzuri, jumla 830, halafu leo pini imepinda.

Ilikuwa saa nane, jua kali, na kijana aliyekuwa kwenye sanduku amebadilishwa bila mimi kujua. Yule mgeni akalijaza na kulipiga teke kidogo kwa mguu, kulishindilia, akidhani anasaidia. Wenzo ukagoma ukiwa umebakiza kama shubiri moja. Badala ya kufungua kifuniko na kupunguza, vijana wawili wakauning'inia.

Wenzo wa mashine hii una tabia ambayo kila anayeushika lazima aielewe. Mwanzoni unakwenda kwa wepesi na bamba linapanda haraka. Karibu na mwisho bamba linapanda kidogo sana kwa kila shubiri ya wenzo, na hapo ndipo nguvu ya mtu mmoja inapogeuka kuwa ya tani kadhaa. Hiyo shubiri ya mwisho ndiyo inayotengeneza tofali, na ndiyo inayovunja mashine. Mtu mmoja akivuta kwa uzito wake wa kawaida na wenzo ukakataa, basi sanduku limezidi, huna haja ya kuuliza. Watu wawili hawatakiwi kamwe.

Nimechukua pini kwa bodaboda hadi kwa mchomeleaji sokoni. Ameniwekea mpya jioni hiihii.

29 Januari

Imepinda tena, na safari hii kwa sanduku halali na mtu mmoja. Nilipoitoa nikaiona mistari ya nondo ambayo alijaribu kuisaga. Nondo ya zege kwenye kiungo kinachobeba mzigo wote wa mashine! Nimekasirika zaidi kwa kuwa niliilipia kama chuma kigumu. Sikurudi kwake kugombana, siku ilikuwa imeshapotea.

30 Januari

Kisumu na kurudi. Kwenye karakana za jua kali karibu na soko la Kibuye nimepata kipande cha ekseli ya gari, na fundi wa leithi akakichonga mbele yangu, akapima kwa kalipa kila mara mbili tatu. Nimemwomba atengeneze tatu, pamoja na bushi mpya mbili, zile pete ambamo pini inazunguka. Pini moja imeingia kwa kusukumwa na kidole gumba, bila nyundo na bila kucheza. Furaha niliyoisikia hapo siwezi kuieleza kwa mtu asiyefanya kazi na vyuma.

Grisi kila asubuhi na kila baada ya chakula. Nayo nimeiandika kwa chaki.

5 Februari

Matofali 312 leo, siku yetu bora. Tuko watano: mmoja chekeche, wawili kuchanganya, mmoja sanduku, mmoja wenzo. Wa wenzo na wa sanduku wanabadilishana kila saa ili kila mmoja ajue kosa lake linaishia wapi.

Tunachanganya robo ya mfuko wa saruji kwa mara moja, si zaidi. Inatoa matofali 23 na tunaimaliza ndani ya dakika 40. Saruji ikishalowa haisubiri mtu, na udongo uliolala saa mbili na saruji yake unatoa tofali linalofanana na mengine mpaka siku ya mvua.

Asubuhi tulipata shida ya kunata. Usiku kulinyesha manyunyu na turubai lilikuwa na tundu, rundo likanyonya maji upande mmoja. Tofali likapanda kutoka kalibuni, nikafungua kifuniko, na ngozi yote ya juu ikabaki imeshikamana na bamba, kama chapati iliyotolewa kwenye chuma baridi. Nikarudi kwenye jaribio la kiganja: finya donge, nyoosha mkono usawa wa bega, liachie lianguke kwenye ardhi ngumu. La rundo hilo lilijibandika bapa kama tope. Linalofaa hupasuka vipande vinne au vitano. Kavu mno hutawanyika. Tumelichanganya na udongo mkavu mpaka likapasuka vizuri, tukapangusa kalibu kwa kitambaa chenye dizeli, na kunata kukaisha. Sasa tunaangusha donge kwa kila mchanganyiko, hata tukiwa na haraka.

14 Februari

La mwisho limetoka saa kumi na dakika ishirini. Jumla 2,436. Saruji mifuko 27, ukiacha ile iliyopotelea kwenye mashine ya mawili.

Yote yako kivulini chini ya nailoni na majani ya migomba. Siku saba za kwanza tunayamwagilia asubuhi na jioni, maji ya chemchemi, mitungi kumi na minne kwa siku, kisha yanaachwa yatimize siku 28. Hakuna anayepanga zaidi ya safu tano kwa tofali la siku moja. Kazi hii haina sifa, hakuna anayekuja kuitazama, na ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu tofali lililokauka haraka haliwezi kurudishiwa nguvu.

20 Februari

Tofali la tarehe 23 Januari limetimiza siku 28. Kabla ya kulitia majini nimelipima: kilo 7.0. Limelala kwenye ndoo ya maji tangu jana jioni. Kingo zake zimebaki kali, maji hayajageuka mekundu, na uzito ni 7.8. Nimeweka pembeni mwake moja la mashine ya mawili, kutoka yale 52 niliyodhani ni mazuri. Pembe zake mbili zimelainika kiasi cha kuchimbika kwa ukucha.

Kwa hiyo yale 52 hayaingii ukutani. Yatazunguka bustani ya mboga.

Senge alikuja akatazama ndoo kwa muda mrefu. Tangu mwanzo alikuwa na swali moja, na leo amelitoa. "Mimi nachoma chungu ili kisirudi kuwa udongo. Hili lako halijaona moto. Ni nini kinalizuia lisirudi?" Nikamweleza saruji inavyokunywa maji na kushikana na mchanga. Alisikiliza, kisha akalitoa lile zuri majini, akaligonga kwa fundo la kidole, akaweka sikio. Akalirudisha ndani ya ndoo. "Liache siku tatu," akasema. Limebaki humo.

11 Machi

Msingi wa mawe umekauka. Safu ya kwanza tumeiweka juu ya chokaa na imetuchukua siku nzima, kwa pima maji na kamba, kwa sababu hapo ndipo nafasi pekee ya kusawazisha. Kuanzia ya pili ni kavu, ulimi ndani ya mfereji.

17 Machi

Safu ya 12. Nimepanda na pima maji kona zote nne. Tofauti ya kona iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa ni milimita 3. Fundi wa ukuta, mzee ambaye mwezi uliopita aliniambia mashine za mkono ni za watu wasio na pesa, alipima mwenyewe mara ya pili, kisha akanyamaza na kuomba matofali zaidi.

Hesabu yake ni rahisi. Ukuta una safu 24. Kila tofali likizidi milimita 2 upande mmoja wa nyumba, kufika juu umeachana kwa karibu sentimita 5, na boriti ya juu haitakaa. Kwa hiyo zile siku za sanduku, bamba lenye mianya na mtoto wa darasa la sita zimelipwa hapa.

22 Machi

Mvua ya kwanza kubwa imekuja usiku, ile ya Kakamega yenye mawe na upepo. Kuta ziko safu ya 19, hazina paa. Nililala macho. Saa kumi na mbili nimezunguka na tochi: upande wa magharibi umelowa hadi ndani, rangi imekoza, lakini hakuna ukingo uliomomonyoka na chini ya ukuta hakuna tope jekundu. Turubai limefunikwa sasa juu ya kuta zote.

Senge alinikuta kwenye kona. Alipitisha kiganja ukutani kutoka safu ya juu hadi ya chini, kama anavyofanya kwenye tumbo la chungu kibichi, akauangalia mkono wake. Ulikuwa na maji tu.

"Hiyo mashine usiiuze," akasema. "Jiko langu nalo limezeeka."

Yamebaki matofali 538. Nahitaji 470 kwa safu tano za juu. Kesho linta za madirisha.